Viwanja 240, shule hakuna!

Nimeadimika kidogo, testi zilinibana kweli kweli. Leo sina habari za hosteli wala za bumu kuchelewa. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu mchoro.

Jumamosi nilikwenda nyumbani, huko pembezoni mwa Dar. Nikakuta mkutano wa mtaa chini ya mwembe. Ukutani pa ofisi ya serikali ya mtaa wamebandika mchoro wa mipango miji: mashamba ya ekari 40 yanakatwa viwanja vya kuuza. Kampuni imeshaelewana na wenye mashamba, sasa eti wananchi tuupitie kabla haujarudi halmashauri. Kuupitia kwenyewe kulikuwa hivi: jamaa kasimama na fimbo, barabara hii hapa, viwanja hivi hapa, kuna swali? Yakaulizwa maswali yale yale: malipo lini, kiwanja bei gani, wenyeji tutapunguziwa?

Mimi nikasogea ukutani nikahesabu. Viwanja vya makazi 240. Vya biashara vinne, kando ya barabara. Cha ibada kimoja. Eneo la wazi lipo, ndiyo, limewekwa kwenye korongo! Pale pale ambapo masika maji yanafika magotini na hakuna ambaye angepataka hata kwa bure. Shule sikuiona. Nikarudia kuhesabu nikidhani ni macho yangu. Haipo.

Nikanyoosha mkono, nikauliza shule iko wapi. Jibu: "Shule ipo mtaa wa jirani." Watu wakapiga makofi. Makofi jamani!

Shule hiyo ya jirani naijua kuliko aliyenijibu, maana nimesoma pale. Mdogo wangu wa mwisho yuko darasa la tatu pale pale. Darasani kwao wako 137. Hapa chuoni tunafundishwa kwamba darasa la shule ya msingi ni watoto 45, tunaandika hivyo kwenye mtihani na tunapewa maksi. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha sekondari ndiyo nikaona matokeo ya hizo 137: mtoto wa kidato cha kwanza anafuatisha mstari kwa kidole, anasoma silabi moja moja, na mimi nimeandaa somo la fasihi. Unamlaumu mwalimu wake? Mimi nimeshindwa.

Sasa tupige hesabu ya mtu wa kawaida, isiyohitaji digrii. Nyumba 240, kila nyumba iwe na mtoto mmoja tu wa shule ya msingi (mnajua wenyewe kwetu hawaishii mmoja). Ni watoto 240. Gawa kwa 45, ni madarasa matano na ushee. Wote hao wanakwenda kusongamana na wale 137, tena kwa kuvuka barabara kuu inayopita malori.

Kuna mzee akasema serikali itajenga baadaye. Mzee wangu, shikamoo, lakini itajenga juu ya nini? Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto walifurika mashuleni, na palipokuwa na nafasi madarasa yaliongezwa. Darasa linajengwa, mwalimu anaajiriwa. Ardhi haifyatuliwi kama tofali. Kimara mwaka 2017 tuliona nyumba zikivunjwa ili barabara ya Morogoro ipanuliwe, na pale barabara ilikuwa na hifadhi yake kisheria. Machozi yake mnayakumbuka. Sembuse shule ambayo haina hata mstari kwenye ramani, nani atamvunjia nani?

Tena haya si mambo mageni. Mradi wa viwanja 20,000 wa hapa Dar, ulioanza mwaka 2002, kule Kibada, Bunju na kwingineko, michoro yake ilitenga maeneo ya huduma za jamii. Huduma nyingine zilichelewa, sikatai. Ila mahali pa kuziweka palikuwepo.

Kampuni siilaumu sana. Mfanyabiashara akitoa ekari za shule anaona viwanja vinavyompita. Ndiyo maana Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haikumpa yeye mamlaka ya upangaji, iliipa halmashauri. Ofisa wa watu anayeupokea mchoro wa namna hii na kuuleta mtaani kama ulivyo, yeye alikuwa anakagua nini? Kama mistari imenyooka? Mchoro ukishaidhinishwa mpima anaweka bikoni, hati zinatoka, na hapo hata Waziri wa Elimu akija na matofali yake atayashusha korongoni.

Nilikuwa sijamaliza kusema mjomba akanivuta shati. "Mjomba, kaa chini." Nikakaa. Njiani akaniambia ekari tatu kati ya zile 40 ni za bibi, na malipo ya awali ya kampuni ndiyo yaliyonimalizia ada mwaka huu, mkopo wa serikali ulipokatwa. Nilikuwa sijui. Nimekaa na hilo tangu juzi, usiku wa jana sikulala vizuri. Ada yangu imetoka kwenye mchoro usio na shule, na mimi ninasomea ualimu!

Lakini sijabadili mawazo. Ekari za bibi ziuzwe, ni zake, na wenzake wauze. Ila mchoro urudi ukachorwe upya, shule ipewe ekari zake pale juu penye kichuguu, pakavu, na gharama igawanywe kwa viwanja vyote. Mtendaji alisema maoni ya maandishi mwisho Ijumaa. Barua nimeandika kwa mkono, kurasa mbili, na mchoro wangu wa penseli nyuma. Naipeleka Alhamisi baada ya pindi la asubuhi. Mjomba nimempigia nikamsomea yote kabla hajaisikia kwa watu. Amenyamaza, kisha akauliza nauli ninayo.