Ng'ombe wa Ngorongoro na Mikarafuu Yetu



Baadhi yenu mtauliza: Karatu na Ngorongoro zatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Zatuhusu kwa sababu maradhi ya saratani huwafilisi wenzetu wa kule kwa njia tunayoijua sana.

Karatu pana hospitali ya Kilutheri na ile ya FAME. Lakini kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji mionzi aliambiwa aende Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700, au Bugando, Mwanza. Mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma matano hivi au zaidi. Hesabuni wenyewe: nauli ya watu wawili, pa kulala, chakula, na nyumbani shamba limekosa mkono. Bima hulipa hospitali. Hailipi chumba cha kupanga.

Mfugaji wa ndani ya Hifadhi haruhusiwi kulima. Mali yake ni ng'ombe, na maradhi yakiingia wakati wa kiangazi humuuza amekonda, kwa bei ya mnunuzi. Mkulima wa Mang'ola huuza vitunguu siku ambayo kila mtu anauza. Na sisi? Twauza karafuu zingali mtini, au twakodisha shamba kwa misimu kadhaa ili tupate fedha kidogo za kuvukia bahari. Wazee wetu wa miaka ya 1930 walizama katika deni, mashamba yakawa rehani, ingawa si kwa sababu ya saratani.

Wako wasemao kuwa mchango wa jirani watosha. Hatuudharau, umetusaidia katika harusi na misiba. Lakini mchango hukusanywa mtu akisha lala kitandani, na hapo gharama zimekwisha kuwa kubwa. Kuchunguza shingo ya kizazi kwa siki hakuhitaji mashine, na dalili za awali mara nyingi huweza kutibiwa siku ile ile. Chanjo ya HPV nayo imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini tangu 2018. Mwanachama anayemzuia mkewe kupimwa kwa kuona haya, ajue haya hiyo huenda akailipa kwa mikarafuu.

Rai yetu ni kwamba kila mwanachama atoe kilo moja katika kila gunia la karafuu kavu. Fedha ziwekwe mbali na hesabu nyingine za chama, zitumike kwa nauli na malazi ya mgonjwa na msindikizaji mmoja tu. Wasimamizi wawe watatu, mmoja wao mwanamke, na daftari lisomwe mbele ya wanachama. Msimu mbaya mfuko utapungua, hilo hatulifichi. Lakini asikopeshwe mtu yeyote, hata kiongozi.

Twaomba matawi yalijadili jambo hili kabla ya majamvi kutandikwa, na majibu yatufikie kwa maandishi.