Tope la Ziwa Halisahau

Sisi tuishio kandokando ya Ziwa Victoria tumezoea kulitazama ziwa kwa juu: samaki, maji na safari za mitumbwi. Ni wachache wanaoifikiria sakafu yake. Lakini ni huko chini, katika tope, ndiko matendo ya wanadamu yanakohifadhiwa.

Kila mwaka vumbi, majani yaliyooza na udongo uliosombwa na mito hutua chini, tabaka juu ya tabaka. Zebaki iliyomo hewani huanguka pamoja na mvua, hushikamana na chembechembe hizo, nayo huzama. Wataalamu huzamisha bomba katika tope, huchomoa matabaka bila kuyavuruga, huyakata vipande vyembamba na kukadiria umri wa kila kipande. Ndipo tope husomeka kama daftari. Katika maziwa mengi yaliyo mbali na viwanda na migodi, daftari hilo laonyesha kwamba zebaki itwaayo na ziwa siku hizi ni takriban mara tatu ya ile ya kabla ya enzi ya viwanda.

Kipo kisa cha nchi ya Peru ambacho yafaa tukitafakari, kwa maana kinafanana na chetu. Katika milima ya Andes, mahali paitwapo Huancavelica, watawala wa Kihispania wa karne ya 16 walichimba zebaki ya kusafishia madini ya fedha. Wenyeji walilazimishwa kufanya kazi kwa zamu, na wengi walikufa kwa sumu. Mwaka 2009 mtaalamu Colin Cooke na wenzake walitangaza yale waliyoyasoma katika tope la maziwa ya jirani: uchimbaji ulianza takriban miaka 1,400 kabla ya Kristo. Mwanzoni lilitua vumbi la jiwe jekundu lililotumiwa kama rangi. Baadaye ukaja mvuke uliosafiri mbali. Vitabu vya mfalme viliandika uzito wa zebaki iliyopatikana. Ziwa liliandika kile kilichomwagika. Fedha ilivuka bahari, sumu ikabaki kwa wenyeji.

Je, sisi tunaandika nini? Huko Geita na penginepo penye dhahabu, mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mawe yaliyosagwa, kisha huchoma donge lililopatikana ili dhahabu ibaki. Mvuke huvutwa na yeye, mkewe na watoto walio jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilieleza kuwa uchimbaji wa namna hii ulichangia karibu asilimia 38 ya zebaki iliyotupwa hewani na wanadamu duniani mwaka 2015. Ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo huongezeka kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, na hatimaye hufika mezani. Anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme kweli yote. Si zebaki yote iliyomo katika tope imetoka kwa wachimbaji wetu. Moto wa misitu na mmomonyoko wa udongo huchangia. Makaa ya mawe yanayochomwa katika nchi za mbali huchangia pia, maana hewa haina mpaka. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, aliitaja zebaki ya machimbo ya dhahabu alipozungumzia deni la nchi tajiri kwa nchi maskini. Kumfanya mchimbaji mdogo kuwa mkosaji pekee ni kumwonea mnyonge mara mbili.

Wapo wasemao, “Zebaki ndiyo ugali wetu.” Hatuidharau hoja hiyo. Lakini Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataka hatua zichukuliwe kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Vipo vyombo vya kufunika vinavyonasa mvuke ili zebaki itumike tena. Swali ni nani alipe. Sisi twasema: walipe wanaofaidi zaidi, yaani wenye mialo ya kuchenjulia na wanunuzi wa dhahabu.

Kwa hiyo, viongozi wa walei, yatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ikatae uchomaji wa zebaki majumbani. Pili, mama wajawazito na watoto waondolewe katika kazi hiyo. Tatu, halmashauri zetu ziulizwe hadharani mpango wa taifa wa kupunguza zebaki umefikia wapi katika vijiji vyetu.

Siku moja wajukuu wetu watalichomoa tope la miaka yetu. Watajua kwamba tulikuwa na habari. Na waone pia kwamba kuanzia tabaka letu, zebaki ilianza kupungua.