Tumechoka na Mke wa Kulia Tu

Mashoga zetu, na hasa nyie maharusi,

Sisi mafundi cherehani wa Morogoro tunashona huku runinga inaongea, kwa hiyo tamthilia tunazijua. Mwanamke wa Kiislamu kwenye nyingi ya tamthilia zetu ana kazi mbili tu. Ama ni mke mwema anayelia mwanzo mpaka mwisho, ama ni mama mkwe wa kwenda kwa mganga. Huyo ni mtu au ni ushungi umetundikwa? Biharusi anakaa mbele ya hayo kila jioni, halafu tunashangaa akidhani subira ni kunyamaza.

Mtazameni Hurrem wa Sultan, ile ya Kituruki. Ana wivu, ana hila, hatungemchagua awe kungwi wa mtu! Lakini ana analolitaka na analipigania, ndiyo maana mnatuletea picha zake tuwashonee gauni. (Hurrem wa kweli aliacha msikiti, madrasa na hospitali Istanbul. Hilo hamtuletei picha.) Na Cheche wa Siri ya Mtungi, mpiga picha wa Bagamoyo, anampenda mkewe Cheusi na bado anayumba. Ilianza 2012, na mpaka leo tunamsema.

Waandishi wapande huku Uluguru. Mwanamke wa Kiluguru anapata shamba kwa ukoo wa mama, anashusha kabichi na karoti kutoka Mgeta, anabishana bei, anaswali. Mume anaweza kujikuta analima ardhi ya ukweni. Hapo mganga wa nini tena?