Jamaa, Mbwa na Kura: Kila Jambo na Saa Yake



Mwezi wa Novemba 2024 tuliacha karafuu majamvini mikononi mwa ndugu zetu hapa Pemba, tukaenda Kitete, mjini Tabora, kumtazama mjomba wetu mgonjwa.

Huenda kijana akauliza, mtu wa Pemba ana jamaa gani Tabora? Njia ya misafara ndiyo iliyotuunganisha. Wanyamwezi walishuka pwani na mizigo ya pembe, na baadaye wengi walivuka bahari kuja kufanya kazi katika mashamba ya mikarafuu. Watu wa visiwani nao walikaa Unyanyembe wakaoa huko. Muhammed bin Juma, babake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Basi damu ile haijakatika.

Tulipofika tulikuta nyumba ina shughuli tatu. Mjomba amelala chumbani. Binamu yetu anagombea uenyekiti wa mtaa katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba. Tena amenunua mbwa mchanga, anamfundisha kulinda ua. Kampeni ilikuwa ya siku saba tu, na shughuli zote tatu zilitaka saa moja, yaani baada ya Alasiri, jua linapopungua.

Binamu alitaka kuyafanya yote kwa pamoja. Akatuchukua nyumba kwa nyumba tumsemee, ingawa sisi si wakaazi wa mtaa ule wala hatuna kura pale. Mbwa akaachiwa kila mgeni aliyepita, huyu akimwambia kaa, yule njoo, na watoto wakimtupia mifupa apate kubweka. Siku ya nne alimrarua kanzu mzee mmoja aliyekuja kwa heri kuzungumza na mgombea. Usiku ule mjomba alituuliza kama tumekuja kumtazama yeye au kuhesabu kura. Tuliona haya, kwani kwa siku nne hatukuwa tumekaa naye hata saa moja.

Hatusemi kuwa siasa ni upuuzi. Ni Tabora hiyo hiyo ambako mwezi wa Januari 1958 mkutano wa TANU ulikata shauri kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, na shauri lile lilisaidia kuifikisha Tanganyika kwenye uhuru. Mwenyekiti wa mtaa naye ana kazi kubwa, na ni haki ya jamaa kumwunga mkono mwenzao. Lakini kumtembelea mgonjwa na kuunga udugu ni wajibu unaosimama peke yake. Ziara ikichanganywa na kuomba kura, jamaa hajui tena kama amependwa au ametumiwa.

Na mbwa vile vile. Wako wanachama wanaoona haya kumtaja, na hawana haja. Qurani, Sura ya Al-Maida aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na Hadithi imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, basi. Lakini mbwa hujifunza kwa mtu mmoja, kwa maneno yale yale, muda mfupi kila siku, na hupewa kitonge anapotii. Akiamriwa na watu kumi hamtii hata mmoja. Mbwa aliyefundishwa nusu ni hatari kuliko ua usio na mbwa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mwenye mgonjwa nyumbani na amtangulize mgonjwa, akae naye bila karatasi ya kampeni mkononi. Mwenye kugombea na amkabidhi mbwa wake kwa mtu mmoja mpaka kura zihesabiwe, na wageni wajapo afungwe. Na mwenye kutoka safari asikubali kusukumwa jukwaani kwa kuwa tu ni mgeni wa nyumba.

Liko na jambo la mwisho. Tulipoagana, binamu alitaka kutupa mtoto wa mbwa tuje naye kulinda karafuu. Tulikataa kwa shukrani. Kichaa cha mbwa kiliondoshwa Pemba mwaka 2014, kikaingia tena mwaka 2016, na chanjo ikabidi iendelee mpaka kilipoondoshwa mara ya pili mwaka 2018. Mwanachama anayetaka mbwa na amtafute hapa hapa, na amchanje kabla ya kumfundisha.

Usiku wa mwisho tulikaa na mjomba mpaka saa nne, tukizungumza habari za mikarafuu aliyoichuma ujanani. Hakuna aliyetaja kura, na mbwa alikuwa amefungwa. Tungaliweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.

Katibu