Mwaka Mpya Umeanza, Marafiki Umewapunguza: Visheti Utakula na Nani?

Tarehe 31 Desemba, saa tano usiku na ushee, wakati wengine wako kanisani kwenye mkesha na wengine wanatafuta sehemu ya kula bata, mwanadada mmoja anayefanya vizuri na vichekesho vyake mitandaoni aliposti picha nyeusi yenye maandishi meupe. Mwaka mpya habebi mizigo. Marafiki wa kumrudisha nyuma wanabaki huko huko mwaka wa jana. Chini yake akashusha malengo yake kumi: gari, kiwanja Kigamboni, gym kila asubuhi, vitabu 24, na mengine ya aina hiyo.

Wafuasi wakamwaga makopa. "Umeongea ukweli dada." "Watu wa hivyo ni kuwakata tu." Lakini wanaomjua kwa karibu hawakupata shida kufahamu mzigo ni nani. Mzigo ni besti yake waliosoma pamoja sekondari, anayeishi chumba kimoja Mwananyamala na kuuza visheti, kashata za nazi na ubuyu. Yule yule ambaye kwenye zile video za mwanzo kabisa, zilizorekodiwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka, ndiye alikuwa mshika simu.

Tatizo lao ni hela, kama kawaida ya mjini hapa. Kwa mujibu wa mtu wa karibu na wote wawili, mwezi wa kumi mchekeshaji alimkopesha mwenzake laki mbili akuze mtaji, makubaliano yakiwa zirudi kabla ya Krismasi. Krismasi ikafika, hela haikufika. Simu ikawa haipokelewi. Meseji zinasomwa, hazijibiwi. Ukiwa upande wa mkopeshaji, kiukweli inauma, na hakuna mtu mwenye akili zake atakayesema ilikuwa sawa.

Kilichokuwa nyuma ya ule ukimya ni hiki. Muuza visheti alipata oda ya sendoff, ndoo nne za lita kumi kwa elfu sitini kila moja. Akapewa elfu sitini ya kuanzia, akamalizia kununua unga, nazi, sukari na mafuta kwa ile hela ya besti, akakaanga usiku na mchana, akapeleka. Laki na themanini iliyobaki hajaiona mpaka leo. Bibi harusi mtarajiwa anaposti picha za fungate, kamati kila mmoja anamsukumia mwenzake. Yeye akaona aibu kumwambia rafiki yake kwamba ametapeliwa kwenye oda yake kubwa ya kwanza. Akakausha. Na kukausha ndiko kulikomponza, maana deni likikaa kimya mtu anayekudai anajitungia stori yake mwenyewe, na hiyo stori haijawahi kuwa nzuri kwako.

Sasa tuje kwenye hiyo tabia ya kupunguza marafiki kila Desemba ikiisha. Imekuwa fasheni. Zamani mtu akigombana na mwenzake anamfuata, wanarushiana maneno, jirani anaingilia, yanaisha au hayaishi. Siku hizi unafukuzwa kwenye maisha ya mtu kwa stetasi, tena bila kutajwa jina, halafu watu 4,000 wasiokujua wanapiga makofi. Mwenye posti anajisikia mwepesi siku mbili tatu. Baada ya hapo inakuja Januari yenyewe.

Na Januari haina utani. Majirani zetu Wakenya wanaiita Njaanuari na hawajakosea. Shule zinafunguliwa, kuna sare na madaftari, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, na mshahara wa Desemba uliotoka mapema ulishaishia kwenye pilau, nauli za mikoani na nguo ya sikukuu. Huu ndio mwezi ambao mtu anaomba elfu tano ya kuongezea kwenye mtungi wa gesi. Wale 4,000 waliomwaga makopa hawana elfu tano yako. Aliye nayo ni yule mmoja au wawili unaoweza kuwagongea mlango bila kupiga simu kwanza.

Angalia malengo yanayotimia hapa mjini, yanatimiaje. Mchezo, ule wa kina mama na kina dada wa kila wiki: watu kumi, kila mmoja anatoa elfu ishirini, mmoja anaondoka na laki mbili, wiki ijayo mwingine. Hakuna benki, hakuna mwanasheria. Kinachofanya mtu atoe hela yake hata siku ambayo hajauza kitu ni sura za wale tisa anaokutana nao kila siku bombani na sokoni. Kikoba hali kadhalika, unadhaminiwa na wenzako na ukiyumba wanakujia. Hata hizi klabu za jogging zinazopita barabarani alfajiri ya Jumamosi na nyimbo zao, muulize mtu pale nini kimemtoa kitandani. Hatakwambia afya. Atakwambia wenzake walikuwa wanamsubiri kona, asingeenda wangemsema wiki nzima. Mtu anayelipia gym peke yake Januari 2, mashine zinamkumbuka mpaka Februari basi.

Kwa hiyo ukikaa usiku wa mwaka mpya ukaandika malengo kumi, halafu hapo hapo ukafuta watu ambao wangekuuliza umefikia wapi, umeandika mapambo tu.

Ni kweli wapo wa kukatwa. Anayekupiga, anayekuibia kwa makusudi, anayekujua ukiwa na hela na kukusahau ukiishiwa, huyo usisubiri Desemba, mwache hata mwezi wa nne. Rafiki aliyekwama na deni akaona haya kusema ni mtu mwingine kabisa. Kuwaweka kwenye kapu moja ni uvivu.

Tarehe 4 Januari bodaboda alifika kwa mchekeshaji na ndoo ndogo imefungwa kwa kanga. Ndani visheti, vimejaa hadi mfuniko haukai. Juu yake bahasha yenye elfu hamsini na kikaratasi: "Shosti, hii ni ya kuanzia, bado laki na hamsini. Nilitapeliwa ile oda nikaona aibu kukwambia. Visheti sio malipo, ni vya mwaka mpya kama siku zote. Heri ya mwaka mpya."

Kama siku zote, kwa sababu hawa wawili tangu wako kidato cha pili kila Januari walikuwa wanakaanga pamoja nyumbani kwa bibi wa mmoja wao. Na visheti ndicho chakula hasa cha kuanzia mwaka, wala hilo halihitaji ubishi. Havichachi kama vitumbua, havikauki kama maandazi ya jana. Ukivifunika vizuri vinakaa wiki kadhaa, vinavuka nao hata zile siku ngumu za katikati ya mwezi, chai ya rangi na visheti vinne mtu anaenda kazini.

Lakini havitengenezwi na mtu mwenye haraka. Unga unaukanda na tui zito la nazi, samli kidogo na iliki iliyotwangwa muda huo huo, sio ile ya pakiti iliyokaa dukani mpaka imepoteza harufu. Donge liwe gumu kiasi. Ukilipumzisha, unakata vipande vidogo na kimoja kimoja unakiviringisha kwenye mgongo wa uma kipate mistari. Kimoja kimoja! Ndoo moja ni visheti mamia, na hapo ndipo watu wanapojuana, maana mikono ina kazi na midomo haina. Mafuta yawe ya moto wa wastani, ukiwasha sana vinakuwa kahawia nje na unga mbichi ndani. Halafu shira. Ikiwa nyepesi visheti vinalowa, ikizidi inagandia kwenye sufuria kabla hujageuza. Mmoja anamimina, mwingine anageuza kwa mwiko haraka haraka mpaka sukari ikauke na kuwa nyeupe. Mtu mmoja peke yake anaweza, ila atalaumu sufuria.

Mchekeshaji aliposti picha ya ile ndoo bila maneno yoyote. Watu wakagawanyika papo hapo. Kuna waliosema angerudisha hela yote ndio alete mambo ya visheti, na wakaongeza kwamba unga na sukari ya ndoo ile vingeongeza hata elfu kumi na tano kwenye bahasha. Hoja yao ina uzito, deni ni deni. Lakini wameruka jambo moja. Yule dada hakusema visheti ni malipo, alisema wazi sio. Alitenganisha hela na urafiki, kitu ambacho mkopeshaji wake, kwa ile picha nyeusi, alishindwa. Elfu hamsini ilikuwa inalipa deni. Ndoo ilikuwa inabisha hodi.

Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana mwaka mpya wao, Mwaka Kogwa, unaosherehekewa mwezi Julai. Siku hiyo wanaume wa pande mbili za mji wanatoka uwanjani na kutandikana kwa mashina ya migomba. Wanapigana kweli, vumbi linatimka. Wanachokifanya ni kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita, yaliyo moyoni yatoke hapo hapo, yasivuke. Ikiisha wanarudi majumbani kula, na nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inaona kama imepungukiwa. Yaani wazee wa kule walishajua kwamba ugomvi ni wa kumalizana nao uso kwa uso, halafu sahani inafuata. Vijana wa mjini tumegeuza. Ugomvi tunaupeleka kwa umma, sahani tunapiga picha.

Hata huku bara, uswahilini, bado kuna ile heshima kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Akikuletea pilau Jumatatu, ukirudisha sahani unaweka hata ndizi mbili, hata chumvi. Mchekeshaji alikaa na ndoo ya mwenzake siku tano. Ndugu zake wanasema alikuwa anaiosha na kuiacha juu ya friji, anaitazama.

Na yale malengo? Ya mchekeshaji ni yale yale kumi, gari bado, kiwanja bado, vitabu 24 wanaomfahamu wanatabasamu tu. Ya muuza visheti yako mawili, yameandikwa kwa peni kwenye kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani. Kwenye Machi ameandika deni kwisha. Kwenye Juni ameandika jiko la gesi la plate mbili, aache mkaa unaomkohoza. Na kuanzia sasa hapeleki oda bila nusu ya hela mkononi, hata kama bibi harusi ni ndugu yake. Ni malengo madogo, hayana hata kopa moja, lakini kila anayeingia chumbani kwake anayaona na anauliza.

Ile picha nyeusi mpaka jana ilikuwa bado ipo kwenye ukurasa. Ila Jumamosi iliyopita majirani wa Mwananyamala walimwona mwenye ukurasa kashuka kwenye bajaji na ndoo yake, ndani yake kilo mbili za sukari na nazi tatu. Haijulikani waliambiana nini, mlango ulifungwa kama nusu saa na kuna muda sauti zilipanda. Mlango ulipofunguliwa, staa alikaa uani kwenye ndoo iliyogeuzwa, kucha zake ndefu kabandua tatu, anaviringisha visheti kwenye mgongo wa uma. Anavikosea vibaya mno. Mwenzake alikuwa anavichukua kimoja kimoja na kuvirudia.