Bunduki ya babu yenye kutu: kuchonga mtutu si kuifufua

Mzee anapofariki, watoto hugawana shamba, mbuzi na vyombo. Mara nyingine hubaki kitu kimoja ambacho hakuna anayejua akifanyie nini: bunduki ndefu ya baruti, ile ya kujazwa mdomoni, iliyolala miaka mingi juu ya dari, mtutu wake umeshika kutu ndani na nje. Mtoto mmoja atasema iuzwe. Mwingine, hasa yule anayependa kuwinda, atasema ipelekwe kwa muhunzi ili ilie tena. Leo tunaongea na huyu wa pili.

Kutu ikishaingia ndani ya mtutu, mafuta na kitambaa havitoshi. Inaacha vishimo katika chuma, mfano wa jino lililooza. Fundi ana njia moja ya haraka: kupanua tundu mpaka vishimo visionekane. Kama ndani kulikuwa na michirizi, ile inayopinda kama ya skurubu na kuizungusha risasi ili iende sawasawa, nayo inaondoka. Mtutu unabaki laini kama bomba. Unang'aa, na mwenyewe anarudi nyumbani akiwa na furaha.

Kazi hiyo si ya jana. Marekani ilipomaliza vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe mwaka wa 1865, bunduki nyingi za jeshi zilikosa kazi. Mafundi waliondoa michirizi ndani yake na kuziuza kwa bei ndogo kwa wakulima, ambao walizijaza marisao, yaani risasi ndogondogo za kupigia ndege na sungura. Lakini mitutu hiyo ilikuwa mizima, imetoka kwenye ghala la jeshi. Haikuwa imeoza.

Kuna historia nyingine ya mtutu laini, na hiyo inatuhusu zaidi. Baada ya askari wa Kihindi kuasi mwaka wa 1857, Waingereza hawakutaka tena wawe na silaha sawa na ya askari mzungu. Walichukua bunduki ya Enfield, iliyokuwa na alama za kulengea hadi zaidi ya mita 800, wakafuta michirizi yake na kupanua tundu kutoka karibu milimita 14,7 hadi zaidi ya 16. Kwa nje ilifanana na ile ya zamani. Ila sasa, kumpiga mtu aliye mbali zaidi ya mita 100 kulikuwa bahati nasibu.

Kwetu, jambo hilo liliandikwa katika mkataba. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa yalikubaliana kuzuia bunduki zenye michirizi na silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Kongo yote imo humo. Kilichoweza kuruhusiwa ni bunduki ya jiwe la moto, isiyo na michirizi, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotajwa ilikuwa kupiga vita biashara ya watumwa, na si uongo kwamba misafara ya watumwa ilitembea na bunduki. Lakini askari wa Force Publique wa Leopold II walibeba Albini, bunduki yenye michirizi inayojazwa kwa nyuma. Mwafrika abaki na bomba laini, dola ibaki na michirizi.

Kwa hiyo kijana anayelipa fundi ili afute michirizi ya bunduki ya babu yake anafanya kwa pesa zake kile ambacho wakubwa wa zamani walifanya ili kupunguza nguvu ya silaha. Hilo tungeweza kulicheka. Hatari yenyewe haichekeshi.

Baruti inapolipuka, nguvu yake kubwa iko nyuma ya mtutu, karibu na jicho na mkono wa mpigaji. Huko ndiko masizi ya baruti hukaa, na masizi hayo hunyonya unyevu. Kwa hiyo kutu mbaya zaidi iko pale ambapo chuma kinahitajika kuwa kinene zaidi, na fundi anayepanua tundu anapunguza chuma palepale. Ufa mdogo hauonekani kwa macho. Unaweza kuvumilia mara kumi, na mara ya kumi na moja ukachukua vidole. Anayetia baruti iliyotolewa katika risasi za kisasa hatasubiri mara kumi. Zile pupu zinazotengenezwa vijijini, ambazo mtutu wake pengine ni bomba la maji, ni hatari zaidi.

Tena tunaishi katika vita. Katika vijiji vyetu, mwenye bunduki yoyote nyumbani, hata mbovu, anaweza kuitwa mwasi na upande mmoja na adui na upande mwingine. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali, na mwindaji anayetembea siku mbili kufika kwenye ofisi hawezi kukipata kwa urahisi. Hapo lawama ni ya serikali. P-DDRCS, programu ya kunyang'anya silaha iliyoanzishwa mwaka wa 2021, inawafikiria wapiganaji. Tunaomba imfikirie pia mzee asiyepigana na yeyote, anayetaka kutoa bunduki ya ukoo au kuiandikisha bila kufungwa na bila kuombwa pesa ya chai.

Na wewe uliyeirithi, kabla ya kumwita fundi, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na utazame mtutu karibu na kitako. Ukiona herufi ELG ndani ya duara refu kama yai, imepitia Liège, Ubelgiji, mji uliotengeneza bunduki nyingi za kuuzwa Afrika. Alama hizo na michirizi ya ndani ndizo zinazoweza kuwaambia wajukuu bunduki hiyo ilitengenezwa wapi na ilikuwa ya namna gani. Tupa ya fundi inazimaliza kwa mchana mmoja.