Historia Ianzie Kanisa la Kijijini

Kila tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha vijijini Uluguru, jambo moja hutusikitisha. Somo la majengo ya kale hufundishwa kwa picha za makanisa ya Ulaya, ilhali nje ya dirisha lipo kanisa la parokia ambalo babu za watoto hao walilibebea mawe.

Ni kweli, kanisa hilo si la kale sana. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na misheni za Uluguru zilifuata baadaye. Atakaye jengo la ibada la kijijini la zama za kati na aende Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwa nje ni msikiti wa kawaida wenye paa la bati. Ndani, kwenye mihrabu, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18, lilipojengwa upya. Basi tarehe moja ukutani haitoshi kueleza umri wa jengo. Hapo hata sisi wakufunzi huteleza.

Uchunguzi wa namna hiyo unawezekana Uluguru. Watoto wapime kuta kwa kamba, watafute mahali mawe yanapobadilika, wawaulize wazee paa la kwanza liliezekwa kwa nini. Mwanachuo mmoja alipojaribu, kipindi hakikumtosha. Alikula na cha hesabu. Hatukumkemea. Wazee wale hawatatungoja.